Watoto wachanga wanapoa licha ya mafunzo na mabango: timu ya uboreshaji ianzie wapi?

mkunga_makete

Habari za kazi wakuu. Hiki ni kituo cha afya ukanda wa Makete. Watoto wengi wanaoingia wodi ya baada ya kujifungua wana joto chini ya 36.5, hasa Juni hadi Agosti. Timu ya uboreshaji imefanya 5S (hatua tano za kupanga eneo la kazi), makabati yana lebo, mabango ya kumkinga mtoto na baridi yako ukutani, mafunzo kazini yamerudiwa. Joto liko palepale. Mganga mfawidhi anataka mpango wa robo ijayo na pendekezo lililoko mezani ni mafunzo tena. Tuanzie wapi, na tutajuaje kwamba tulichobadilisha ndicho kilichosaidia?

ubora_iringa

Poleni na kazi. Kabla ya mpango wowote, kagueni kipimo chenyewe. Kipima joto cha kioo cha kawaida kinaanzia 35. Mtoto mwenye 33.8 hawezi kuonekana humo, ataandikwa 35 au chini ya 35, na ninyi mtamweka kundi moja na mwenye 34.9. Tafuteni cha kidijitali kinachosoma angalau mpaka 32, kiwekwe kwapani pakavu, mkono wa mtoto ubanwe mpaka kilie, kisha iandikwe namba yenyewe. Neno "kawaida" kwenye faili halichoreki kwenye chati.

Pili, mnapima anapoingia wodini. Mmoja anaingia baada ya dakika 40, mwingine baada ya saa tatu, hao hawalinganishwi. Chagueni dakika 60 baada ya kuzaliwa, kwa kila mtoto, zamu zote. Msisubiri safu mpya kwenye rejista ya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Karatasi moja ya mistari inatosha: muda wa kuzaliwa, njia ya kujifungua, zamu, joto la mtoto, joto la chumba, na kama alikaa ngozi kwa ngozi na mama bila kukatizwa.

Kuhusu mafunzo nasema wazi: yanatibu kutojua, na wakunga wenu wanajua. Muulize yeyote atakwambia mkaushe mara moja, mweke kifuani kwa mama, mvalishe kofia, asiogeshwe kabla ya saa 24. Kinachowazuia kiko kwenye chumba na kwenye mpangilio wa kazi. Mtu mmoja asimame na saa na daftari, afuatilie kuanzia kichwa kinapotoka mpaka mtoto anapolazwa wodini, bila kumsahihisha mtu, na aandike kila mahali mtoto anapopoteza joto. Maji ya uzazi yakikauka mwilini yanaondoka na joto. Bati la mzani linalivuta kwa kugusana. Upepo wa mlango unalipeperusha. Dirisha na ukuta wa baridi vinalinyonya hata bila kumgusa. Mkishajua ni wapi kati ya hapo, nusu ya kazi imekwisha.

kaizen_mbeya

Naunga mkono, ila 5S isionekane imeshindwa. Huku Mbeya ndiko ilikoanzia kwa Tanzania, Hospitali ya Rufaa mwaka 2007, baada ya kujifunza kwa Castle Street Hospital for Women ya Colombo, Sri Lanka. Tangu mwanzo 5S iliwekwa kama msingi wa Kaizen (kuboresha kazi kidogo kidogo bila kukoma): uondoe vurugu kwanza ili tatizo lionekane. Vituo vingi vinasimama kwenye lebo za makabati na kuhesabu kwamba wamemaliza.

Rudieni hatua zilezile, lakini sasa mkiwa na mtoto wa baridi akilini. Sasambua: ondoeni shuka na makopo kwenye meza ya kumsaidia mtoto kupumua, mara nyingi imegeuzwa stoo, na taa yake ya joto haiwashwi mpaka mtoto awe ameshawekwa. Seti: hapa ndipo penye faida kubwa. Khanga za mtoto kwa kawaida ziko kwenye mfuko wa mama chini ya kitanda, au kwa ndugu nje. Mtoto ametoka, ndipo zinatafutwa, na huku amelowa. Zipokeeni mama anapolazwa: khanga mbili kavu na kofia, kwenye kikapu chenye namba ya kitanda, kabla hajaanza kusukuma. Khanga ya kwanza inakausha na inatupwa pembeni. Ya pili inafunika. Ikiwa ipo moja tu, mkunga atamfunika mtoto kwa ileile iliyolowa, na hapo bango halisaidii. Wekeni akiba ya khanga za kituo kwa mama aliyekuja mikono mitupu. Safisha mnaimudu. Sanifisha (kuufanya utaratibu uwe mmoja kwa wote) na Shikilia (kuudumisha) zisubiri mpaka mjue kipi kimefanya kazi, msisanifishe dhana.

Mzani nao: kupima uzito kunaweza kungoja saa ya kwanza ipite. Huo ni uamuzi wa siku moja na hauna gharama.

mkunga_makete

Asanteni sana. Kikapu na mzani tunaweza kuanza Jumatatu. Tuvianzishe vyote pamoja? Na chati tunachoraje wakati wiki nyingine tunapata watoto sita tu?

ubora_iringa

Msianze vyote pamoja, hamtajua kipi kimefanya kazi. Mzunguko wa PDSA (panga, tekeleza, tathmini, chukua hatua) wa kwanza uwe mdogo kabisa: kikapu, zamu moja, mkunga mmoja aliyekubali, kesho. Kabla ya kuanza andikeni mnachotarajia, kwa mfano khanga zote mbili ziwe kitandani kwa wazazi wote wa zamu hiyo. Jioni kaeni dakika kumi: nini kilikwama? Labda mama alifika tayari anasukuma na hakuna aliyepokea mfuko. Rekebisheni, jaribuni zamu ya usiku ambako kuna mtu mmoja, kwa sababu kinachofaulu mchana watu wakiwa watatu kinaweza kufa usiku. Baada ya hapo ndipo mpanue, kisha mzani.

Chati: kwa watoto sita kwa wiki, unganisheni wiki mbili kuwa nukta moja. Mtoto mmoja kati ya sita ni karibu asilimia 17, na chati itaruka bila sababu. Chukueni kila mtoto, msichague. Wima ni asilimia ya walio kati ya 36.5 na 37.5, mlalo ni tarehe. Chukueni nukta zilizokuwapo kabla ya mabadiliko, zikifika 10 ni vizuri, mchore mstari wa namba ya kati, yaani inayoangukia katikati mkizipanga kwa ukubwa. Nukta sita au zaidi mfululizo upande mmoja wa mstari ni badiliko la kweli. Iliyoangukia kwenye mstari wenyewe irukwe katika kuhesabu. Moja au mbili zikipanda msipige makofi. Chora pia asilimia ya waliokaa ngozi kwa ngozi dakika 60, na idadi ya waliozidi 37.5, maana ukimfunika sana chini ya taa unamchemsha.

Jambo ambalo nyanda za juu wengi hulisahau: mkianza Julai na kutathmini Oktoba, hali ya hewa itakuwa imewafanyia kazi. Ndiyo maana nimesema joto la chumba liandikwe. Linganisheni watoto waliozaliwa chumba kikiwa na joto lilelile, na msitangaze ushindi kabla ya kupita Juni na Julai nyingine. WHO inataka chumba cha kuzalia kiwe angalau nyuzi 25. Kwa majengo yetu hilo linahitaji mlango unaofungwa na hita, kwa hiyo liingizeni kwenye bajeti ya kituo mkiwa na takwimu mkononi.

Waliozaliwa kwa upasuaji watengenezeeni chati yao. Njia yao ni nyingine kabisa.

muuguzi_njombe

Naongeza la usalama, maana mkianza kuzungumzia joto watu watabuni. Jiko la mkaa lisiingie wodini wala chumba cha kuzalia, hata likiwa limekolea na halina moshi. Kaboni monoksaidi haina harufu, na mnafunga madirisha kwa sababu ya baridi. Chupa za maji ya moto pia hapana, zinaunguza ngozi ya mtoto.

Na karatasi isiwe ya kuandika tu. Joto likiwa chini ya 36.5 mkunga arudishe mtoto kifuani kwa mama, kofia kichwani, wafunikwe pamoja, anyonyeshwe, apimwe tena baada ya saa moja. Akiwa chini ya 36, au asipopanda angalau nusu nyuzi kwa saa, mwiteni daktari aangalie sukari na dalili za maambukizi. Chini ya 32 ni dharura tangu dakika hiyo. Wekeni hatua hizo nyuma ya karatasi ileile ya kupimia, mkunga aliye peke yake usiku asilazimike kwenda kutafuta mwongozo ofisini.