Tupeane uzoefu: kununua gari-nyumba dogo lililotumika baada ya msiba, kwa anayesafiri peke yake

Kobe Mwenda Pole
Wakuu, uzi huu ni kwa ajili ya mjane au mgane anayetaka gari dogo la kulala ndani, lililotumika, aingie barabarani peke yake. Pole atakuwa ameshapewa za kutosha, hapa tumwandikie vipimo. Naanza na kanuni moja: kila kitu kwenye hilo gari kijaribiwe kwa mikono miwili, si minne. Muuzaji akitaka kukusaidia kutandika kitanda, mwombe asubiri nje. Geuza kiti cha mbele, shusha meza, panga magodoro, kisha rudisha vyote kama vilivyokuwa huku unatazama saa. Ikipita dakika kumi, ujue baada ya wiki mbili utakuwa unalala umekaa. Mtungi wa gesi nao uunyanyue mwenyewe mpaka kwenye kabati lake. Ule wa chuma wa kilo 13 ukijumlisha na chuma chake unapita kilo 25, na kabati lenyewe mara nyingi liko usawa wa goti, unauingiza umejikunja.

Spana 13
Ongeza hapo: fika injini ikiwa baridi. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa vuguvugu na mlikubaliana asubuhi, kuna ugumu wa kuwaka unaofichwa. Aga, rudi siku nyingine bila taarifa. Moshi mweupe usioisha baada ya dakika kadhaa, au wa buluu ukikanyaga mafuta, usiupokee kwa maelezo ya mdomo.

Gari la miaka 15 lenye kilomita 40,000 watu hulishangilia kama limeokotwa. Beliti ya taiming, mkanda unaoendesha vali za injini kwa mpangilio, inahesabu kilomita na inahesabu miaka. Kama hakuna risiti, chukulia kwamba haijawahi kuguswa, na gharama ya beliti pamoja na pampu ya maji itoke kwenye bei. Tairi vilevile: soma tarakimu nne za mwisho kwenye mstari ulioanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari haya husimama miezi, kwa hiyo utakuta kashata nene na ubavu umejaa nyufa.

Tembo Mdogo
Naunga mkono. Tairi la miaka saba ni kuukuu hata likipakwa rangi.

Fundi Bomba
Injini inarekebishika. Kinachoua gari-nyumba ni maji. Kuta zake nyingi zimepangwa kama mkate uliopakwa katikati: alumini au faibaglasi nje, fremu ya mbao na povu kati, plaiwudi nyembamba ndani. Maji yanapita kwenye ungio la paa na ukuta, pembe za madirisha, fremu ya kidirisha cha paa, taa za juu nyuma, na kila tundu la skrubu lililofunga ngazi au turubai. Yakishaingia hayana pa kutokea. Mbao inaoza miaka mitatu minne huku karatasi ya ukutani inang'aa.

Nenda na kipima unyevu cha pini. Chini ya asilimia 15 lala salama. Kati ya 15 na 20 andika mahali, upime tena. Juu ya 20 maji yana njia. Ukikuta 30 kwenye kona, hesabu ni kufumua ukuta, na ukuta ukifumuliwa huwa mkubwa kuliko ulivyodhani. Pima ndani ya makabati ya juu, nyuma ya matakia, chini ya kila pembe ya dirisha, kuzunguka tundu la paa, na sakafu ya mlangoni na bafuni. Kisha acha mashine, tumia kidole gumba: bonyeza. Ukuta mzima unakataa. Uliooza unapokea kidole kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Sakafu itembelee bila viatu. Ikibonyea na kurudi, safu zake zimeachana.

Dalili za kuficha: madirisha yote wazi na marashi yamepulizwa, karatasi mpya ukutani kwenye kona moja tu, na silikoni nyeupe juu ya gundi nyeusi ya zamani. Hiyo ya mwisho ni plasta juu ya kidonda chenye usaha. Kazi ya kweli ni kufungua reli, kukwangua gundi yote ya zamani, kuweka mastiki ya butili (gundi laini ya mpira ya kuziba maji), na kufunga upya kwa skrubu mpya.

Nusu Tangi
Maneno yote hayo ya nini? Nunua vani ya bati zima iliyogeuzwa. Haina maungio, haina mbao, mchezo umekwisha.

Fundi Bomba
Mchezo ndiyo unaanza mkuu. Bati linatoa jasho. Mtu mmoja akipumua usiku kucha humo, mvuke wake unagandia kwenye bati nyuma ya mbao za mapambo, unashuka kwenye kingo za chini, kutu inakula kutoka ndani. Utaiona ikishatoboa. Vani ya kugeuzwa unafungua paneli moja ya chini na kumulika tochi. Aliyeigeuza akikataa kufungua, ameshakujibu. Na waya zake uliza zilipitishwa wapi na fyuzi iko umbali gani na betri. Fyuzi kuu ikae jirani kabisa na betri, la sivyo waya mrefu usio na ulinzi unapita nyuma ya kitanda chako.

Nusu Tangi
Ndiyo maana watu wanaishia kukodi.

Mama wa Njiani
Kukodi si tusi. Kodi wiki moja, tena msimu wa mvua na baridi, kabla ya kununua chochote.

Tembo Mdogo
Wenye busara wanasema mfiwa asinunue kitu kikubwa mwaka wa kwanza.

Mama wa Njiani
Na wengine wanasema mwaka wa kwanza ndio unaotafuta gari. Akodi, atajua mwenyewe.

Nilichokuja kuandika ni uzito. Magari mengi ya aina hii kikomo chake ni kilo 3,500, na nchi nyingi za Ulaya leseni ya kawaida inaishia hapohapo. Soma kibati kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti, usisome tangazo. Kisha toa uzito wa gari lenyewe. Tuseme limebaki na kilo 350. Maji lita 100 ni kilo 100. Mitungi miwili midogo ya gesi, turubai la ubavuni, betri ya pili, baiskeli, jumlisha mwenyewe. Kwa kanuni za Ulaya uzito wa gari tayari kwa safari unahesabu dereva wa kilo 75, kwa hiyo dereva wa kilo 95 ameanza na deni la 20. Peleka gari kwenye mizani ya malori likiwa limejaa, upime na ekseli ya nyuma peke yake, maana hiyo ndiyo inayozidi kwanza.

Mfiwa ana mzigo mwingine hapa: vitu vya marehemu. Sanduku lake la spana, kiti chake cha kukunja, vitabu vyake. Hakuna wa kumwambia avitupe. Ila navyo vipandishwe kwenye mizani. Sanduku la spana pekee linafika kilo 20, nalo huwekwa nyuma kabisa, juu ya ekseli ileile inayolalamika.

Spana 13
Na karatasi. Gari likiwa bado kwa jina la marehemu wa upande wa muuzaji, anayeuza ni msimamizi wa mirathi. Kijana aliyeshika funguo hana mamlaka hata kama analia. Namba ya chesisi kwenye kadi ilingane na iliyogongwa kwenye chuma, na uhakikishe halidaiwi mkopo. Bima: punguzo la miaka bila ajali huwa kwa jina la mwenye bima. Kama mwenye bima ndiye aliyefariki, uliza kampuni kabla ya kununua kama mwenzi anapewa.

Taa Nyekundu
Mnahangaika na mbao huku kinachoua hamjakitaja. Picha ni hii. Jioni mvua inaanza. Jiko la mkaa lipo nje chini ya turubai, nyama imeshaiva, moshi hakuna, yamebaki makaa mekundu yanapendeza. Mtu analiingiza ndani lipashe hewa kidogo kabla ya kulala. Mlango unafungwa.

Makaa yasiyo na moshi ndiyo hayo yanayomwaga monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Inaing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ikifika sehemu 1,600 kwa milioni ya hewa, ndani ya dakika 20 kichwa kinagonga, kizunguzungu, kichefuchefu. Ikikaa hapo, saa moja hadi mbili zinatosha kuua. Sasa mtazame mfiwa aliye peke yake. Kichwa kinauma, mwili mzito, tumbo limechafuka, mawazo hayashikani. Majuma yale anayo hayo yote kila siku bila gesi yoyote! Atasema ni kilio cha jana. Atajilaza kidogo. Wangekuwa wawili, mmoja angeuliza mbona unaongea hovyo, akafungua mlango. Peke yako hakuna wa kuuliza, na akili ya kutambua ndiyo inayotangulia kuondoka. Mlango uko hatua mbili, unauona, miguu haikubali.

Tembo Mdogo
Duh.

Kobe Mwenda Pole
Hapo umetunyamazisha wote. Kwenye ukaguzi aangalie nini?

Taa Nyekundu
Kengele ya monoksidi yenye kiwango cha EN 50291-2, ndicho cha magari ya kulala na boti. Kwa sehemu 300 inalia ndani ya dakika 3, kwa 100 kati ya dakika 10 na 40. Geuza nyuma usome tarehe ya kuisha, maana kitufe kinajaribu mlio na umeme tu, hakikuambii kama sensa ingali hai. Kisha washa hita na jiko: moto uwe wa buluu. Ukiwa wa njano, au kuna masizi kwenye bomba la kutolea moshi nje ya ukuta, usilale humo.

Nusu Tangi
Na iwekwe chini sakafuni maana gesi ni nzito.

Taa Nyekundu
Unachanganya mkuu. Propeni ndiyo nzito, karibu mara moja na nusu ya hewa, ndiyo maana sakafu ina matundu yasiyozibwa hata baridi iume vipi. Monoksidi uzito wake ni karibu sawa na hewa. Yake inakaa usawa wa kichwa cha aliyelala.

Nusu Tangi
Basi kengele ya mono, ya propeni na ya moshi. Gari au kituo cha zimamoto?

Taa Nyekundu
Tatu, ndiyo.

Fundi Bomba
Gesi ikiguswa, mpira wake una tarehe pia. Ukipita miaka kumi ung'oe bila mjadala. Maungio yapakwe maji ya sabuni, mapovu yakikua panavuja. Anayeelekea kwenye baridi achukue propeni, butani karibu na nyuzi sifuri haitoki kwenye mtungi.

Friji ya njia tatu (gesi, umeme wa gari, umeme wa nyumbani) muuzaji aiwashe kwa gesi jana yake, injini isiguswe. Ukifika barafu iwe imeshika. Kwa umeme wa gari inakula zaidi ya ampea 10, ni ya kutumia unapoendesha tu. Ikisahauliwa usiku, asubuhi betri imekufa.

Spana 13
Betri ya ndani ipimwe ikiwa imepumzika saa kadhaa bila chaji. Volti 12.7 imejaa, 12.2 nusu. Kisha washa taa na pampu nusu saa. Ikiporomoka, ni pambo.

Nusu Tangi
Weka lithiamu.

Spana 13
Yenye chaja ya DC kwa DC (inayorekebisha umeme wa injini ufae betri hiyo) kutoka altaneta, na isichajiwe chini ya nyuzi 0. Umesahau hilo kama kawaida.

Tembo Mdogo
Swali dogo: kitanda cha kudumu au cha kukunja?

Kobe Mwenda Pole
Cha kudumu.

Mama wa Njiani
Cha kudumu cha watu wawili kina upande mtupu kila usiku, tena unakula nafasi. Tafuta lenye vitanda viwili vya mtu mmoja, ubavu huu na huu. Kimoja lala, kingine toa godoro, weka nguo na chakula chini ya neti ya kushikilia mizigo. Na kabla ya kulipa vua viatu, lala, nyoosha miguu mpaka mwisho. Vingine vimeandikwa sentimita 190, ukilala kabati la juu linakutana na vidole.