Waimbaji wa ridhaa Zanzibar: ukiitwa kuwili usiku mmoja, unafanyaje? Tupeane uzoefu

Mwanzilishi
Asalaam aleikum. Uzi huu ni wetu sisi tunaoimba taarab kwa mapenzi tu, mchana tuko skuli au dukani, usiku kwenye klabu ya taarab. Mfungo mosi umekaribia, na kila aliyengoja Ramadhani ipite anataka kuoza. Nishaitwa harusi mbili za usiku mmoja, na wiki hiyohiyo klabu ina mazoezi. Nyie mnachaguaje? Musinambie nifuate pesa. Kwetu anachotunzwa muimbaji kinaingia klabu.

Wa Mwembetanga
Aliyetangulia kunambia ndiye. Si mwenye kutoa zaidi, wala ndugu wa damu. Binamu yangu kaninunia tangu mfungo sita kwa hilo, na sijali.

Mama Ganuni
Mwezi ndio unaotuvuruga. Klabu yetu ilipanga kupiga usiku wa Idd pili, shangazi yangu akaweka harusi Jumamosi, kwa tarehe. Ramadhani ingetimia siku 30, Idd pili ingekuwa Jumapili, ningelala raha. Mwezi ukaandama 29! Nikaomba nyimbo yangu iwekwe mara tu baada ya bashraf, ile ya kufungulia ya ala tupu, nikashuka jukwaani, Vespa mpaka Fuoni. Bibi harusi alikuwa bado hajatolewa. Sasa anayenialika Sikukuu namuuliza kwanza: kwa mwezi au kwa tarehe?

Fidla Mbili
Mama Ganuni, ulibahatika. Mie sikubali mtu aimbe moja akimbie. Waitikiaji wanabaki wanatazamana, na mpiga udi kapanga usiku wote kwa sauti yako. Bora kuazimana: kila nyimbo awepo mtu wa pili anayejua maneno na mahadhi. Ila omba ruhusa ya mwenye nyimbo. Hapa kwetu nyimbo ikishapewa mtu ni yake, ukiiimba bila kumwambia utasemwa mwaka mzima, na haki yao.

Mpemba wa Wete
Nyie mnagombana na Vespa, sie na bahari. Nikiitwa Unguja naondoka siku moja kabla, narudi siku ya pili yake. Shughuli ya masaa matatu inakula siku tatu. Wakati wa kusi ndio usiseme, unafika Unguja hujui kama sauti imebaki au umeitapika njiani. Kwa hiyo wa Unguja aniambie mapema, au asiniambie.

Wa Mwembetanga
Hahaa, pole ndugu yangu.

Mwanzilishi
Ahsanteni. Nakwenda harusi ya aliyetangulia. Mazoezi nimemuomba kiongozi anisikilize Jumatano alasiri, mie na mpiga ganuni tu, kakubali kwa kununa. Harusi ya pili nimempa shoga yangu na nyimbo zangu mbili. Nyimbo yangu ya tatu nimemwambia asiiguse.