Familia ya Kangagani: Mtetemeko wa Pikapu ya Ami Khamis

Ami Khamis: Assalamu alaykum jamaa zangu. Nalileta jambo hili hapa kwa sababu gari ni la familia nzima na msimu wa karafuu umekwisha kuingia. Pikapu yetu ya otomatiki inatetemeka ninapokwenda mwendo wa kilomita 60 hadi 70 kwa saa katika barabara ya Mkoani, hasa ninapokanyaga mafuta kidogo tu. Fundi mmoja wa Chake ameniambia kwamba giaboksi imekufa, na kwamba tuagize nyengine iliyotumika kutoka Dar es Salaam. Nataka kusikia rai zenu kabla sijauza magunia kwa ajili hiyo.

Mama Mkubwa Salma: Waalaykum salaam. Kuuza karafuu kwa ajili ya chuma ambacho hatujui kimetembea umbali gani katika gari la mtu mwengine ni jambo ninaloliogopa. Zuhura, wewe ndiye unayezishika kazi hizi kila siku huko Unguja. Tuambie, mwanangu.

Zuhura: Waalaykum salaam. Shikamoo Ami, shikamoo Mama Mkubwa. Kabla ya kuihukumu giaboksi nzima, naomba tuitazame konveta kwanza. Gari la otomatiki halina klachi ya kukanyaga kwa mguu. Badala yake, baina ya injini na giaboksi hukaa chombo cha chuma cha mviringo kilichojaa mafuta, na hicho ndicho konveta. Ndani yake mna gurudumu la mapezi linalozungushwa na injini, nalo huyatupa mafuta kwa nguvu kwenye gurudumu la pili lililoungana na giaboksi, na baina yao mna la tatu, dogo, linaloyageuza mafuta yanaporudi ili yasaidie kusukuma badala ya kupinga. Kwa msaada wa hilo la tatu, wakati gari linapoondoka nguvu ya kuzungusha inaweza kufikia takriban mara mbili ya ile inayotolewa na injini. Mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger aliisajili fikra hiyo mwaka 1905 kwa ajili ya mitambo ya meli, kwa hiyo asili yake ni baharini kama sisi.

Gurudumu la pili hubaki nyuma kidogo daima, na tofauti hiyo hugeuka joto. Ndiyo sababu watengenezaji waliongeza klachi ndani ya konveta yenyewe, ambayo gari likishika mwendo hujibana na kuunganisha injini na giaboksi moja kwa moja. Mtetemeko anaoueleza Ami mara nyingi huzaliwa hapo: klachi ikijaribu kubana, hushika na kuteleza, hushika na kuteleza kwa haraka mno, hata dereva akadhani anapita juu ya matuta madogo.

Suleiman: Dada Zuhura, lakini hata injini isiyochoma vizuri hutetemesha gari. Tutayatofautishaje mambo hayo mawili?

Zuhura: Tafuta sehemu iliyonyooka isiyo na gari nyuma yako, ushike mwendo ule ule unaoleta mtetemeko. Mguu wa kulia ubaki kwenye mafuta bila kubadilika, na wa kushoto uiguse breki kidogo sana, kiasi cha kuwasha taa za nyuma tu. Katika magari mengi, kompyuta ikipata ishara ya breki huiachia klachi ya konveta. Ukiuona mshale wa mizunguko ya injini unapanda kidogo na mtetemeko unakatika papo hapo, kisha unarudi baada ya kuiachia breki, shaka yangu itaelekea kwenye klachi hiyo au mafuta yake. Hata hivyo injini mbovu nayo hutulia ikipunguziwa mzigo, kwa hiyo gari liunganishwe pia na mashine ya kusoma hitilafu. Namba P0741 huashiria kwamba klachi ya konveta haibani ipasavyo, na P0300 huashiria kwamba injini inakosa moto.

Maalim Haji: Samahanini, nachangia kama jirani. Mimi niliambiwa kwamba mafuta yote mekundu ya haidroliki ni sawa, na Khamis aliongeza kwenye giaboksi ya kopo nililompa.

Zuhura: Ahsante kwa kutueleza, Maalim, kwani hilo lina uzito mkubwa. Rangi nyekundu hutiwa ili mafuta yatambulikane, wala haielezi yanaifanyia nini klachi. Kila giaboksi ina aina yake iliyoandikwa katika kitabu cha gari, na yakichanganyika ya aina nyengine, klachi ya konveta huwa ya mwanzo kulalamika. Huko Marekani General Motors ilipata mtetemeko wa namna hii katika pikapu zake za gia nane, zikiwemo Chevrolet Silverado na Colorado, na mwaka 2019 ikawaelekeza mafundi kuyatoa mafuta na kutia ya aina nyengine, kwa kuwa yale ya awali yalikuwa yakifyonza unyevu. Sisi tunaoishi kwenye hewa yenye unyevu kiasi hiki tusinunue mafuta ya kopo lililokwisha funguliwa.

Ami, yadondoshe mafuta ya giaboksi kidogo kwenye karatasi nyeupe. Yakiwa mekundu au ya hudhurungi hafifu, tutayabadilisha na kungoja matokeo. Yakiwa meusi yenye harufu ya kuungua, joto limekwisha kuyaharibu. Yakiwa kama maziwa, maji ya rejeta yameingia. Zikionekana chembe nyingi za chuma, hapo fundi wa Chake atakuwa na hoja na giaboksi itafunguliwa. Fahamuni pia kwamba ukifungua nati ya chini hutoka sehemu tu ya mafuta, kwa sababu mengi hubaki ndani ya konveta, hivyo kazi hiyo hurudiwa zaidi ya mara moja.

Ami Khamis: Na ikiwa klachi yenyewe imekwisha?

Zuhura: Konveta imechomelewa pande zote, kwa hiyo hubadilishwa nzima, na mabomba ya kupozea mafuta husafishwa ili uchafu wa zamani usiingie katika mpya. Fundi ahakikishe imeingia mpaka mwisho kwenye pampu ya mafuta ya giaboksi kabla ya kukaza boliti yoyote, kwani ikilazimishwa huvunja pampu. Hiyo giaboksi ya kuagiza, mara nyingi nayo huja na konveta yake iliyochakaa.

Suleiman: Basi nilivute kwa kamba mpaka Chake?

Zuhura: Hapana, ndugu yangu. Pampu ya mafuta huzungushwa na injini kupitia konveta. Injini ikizimwa huku magurudumu yanazunguka, giaboksi hukauka ndani na kusagika. Likishindwa kwenda lenyewe, lipakiwe kwenye lori au propela shafti, yaani mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu, ifunguliwe. Na mpaka tupate jibu, usipandishe nalo mlima na matofali.

Mama Mkubwa Salma: Khamis, umesikia. Magunia yasiguswe.

Ami Khamis: Nimesikia, na hayataguswa. Suleiman atalijaribu gari kesho asubuhi kabla ya barabara kujaa, nami nitaleta picha ya karatasi hapa.

Zuhura: Inshallah. Nitumie pia picha ya kibati cha chini ya boneti au cha mlangoni, penye namba ya giaboksi, nipate kuuliza mafuta yake sahihi kabla ya boti ya mchana.