Shule ya nje inanitaka niingie kwa viza ya utalii: nikubali?

Msafiri Mtarajiwa aliuliza:

Ndugu zangu walimu, nawasalimu kwa heshima. Nina shahada ya ualimu katika masomo ya Kiingereza na Jiografia, nimefundisha sekondari kwa miaka kadhaa, na hivi karibuni nimemaliza kozi ya mtandaoni ya saa 120 ya kufundisha Kiingereza kwa watu ambao si lugha yao. Baada ya kutuma maombi mengi, kituo kimoja cha lugha nchini China kimenihoji kwa video na kunipa kazi ya kufundisha watoto wa shule ya msingi. Mshahara wanaoutaja ni mzuri kuliko wowote niliowahi kupata, na nyumba ni juu yao.

Kinachonitia wasiwasi ni utaratibu wenyewe. Wanataka niombe viza ya utalii, nianze kufundisha mara nitakapofika, kisha wao wataibadilisha baada ya miezi mitatu ya majaribio. Mkataba wanasema tutautia saini nikishafika. Wakala aliyetuunganisha anadai ada yake kabla sijaondoka, na nauli natakiwa kujilipia ili nije nirudishiwe. Kila nikiuliza kwa nini viza ya kazi isiombwe sasa, jibu ni lile lile: inachukua muda mrefu na muhula unakaribia kuanza. Mliopita njia hii naomba mnishauri. Je, huu ni utaratibu wa kawaida, au ni mtego? Na kwa sisi ambao Kiingereza tumejifunza darasani, upo mlango ulio halali?

Chaki Mkononi alijibu:

Ndugu Msafiri, usikubali. Nasema hivyo bila kusitasita kwa sababu nilifanya kazi nchini humo kwa kibali halali, na nimewaona wenzangu walioingia kwa njia hiyo unayoelezwa.

Anayepaswa kuanza ni mwajiri. Anaomba taarifa ya kibali cha kazi kutoka kwa mamlaka za kwao, anakutumia, nawe unaipeleka ubalozini pamoja na pasipoti ili upewe viza ya kazi, ile inayojulikana kwa herufi Z. Ukishaingia unapimwa afya, na ndani ya siku 30 unaomba kibali cha ukaazi. Safari hiyo yote huanza ukiwa bado kwenu. Viza ya utalii haimruhusu mwenye nayo kufundisha hata kipindi kimoja, na neno "majaribio" halibadilishi lolote mbele ya sheria.

Sheria yao ya uingiaji na utokaji, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, inamtoza mgeni anayefanya kazi bila kibali faini ya kati ya yuani (fedha ya China) 5,000 na 20,000, na kosa likiwa zito anawekwa kizuizini kwa siku 5 hadi 15; zaidi ya hapo anaweza kuondolewa nchini. Mwajiri naye hutozwa yuani 10,000 kwa kila mgeni aliyemwajiri hivyo, jumla isizidi 100,000. Naomba upime tofauti hiyo kwa utulivu. Kituo kinalipa faini na kesho yake kinafungua milango kama kawaida, wakati mwalimu anapoteza kazi, nyumba iliyofungamana na kazi hiyo, na pengine nafasi ya kuingia tena nchini humo.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalifikirii mpaka liwakute. Niliwahi kumsindikiza mwenzangu kwenda kudai mshahara uliokuwa umezuiliwa. Meneja hakupandisha sauti wala hakukana deni. Aliomba aonyeshwe kibali cha kazi cha mwenzangu, na mwenzangu, ambaye hakuwa nacho, akatoa pasipoti. Meneja akaifungua kwenye ukurasa wa viza, akaigeuza ituelekee sisi, akaiacha pale mezani bila kusema neno. Tuliondoka mikono mitupu, kwa kuwa mahakama za huko hazitambui uhusiano wa ajira wa mgeni asiye na kibali, na kwenda kushtaki kungekuwa sawa na kujishtaki mwenyewe.

Bi Kalamu alijibu:

Nakubaliana kabisa na Mwalimu Chaki, ila ningependa kuongeza sababu iliyojificha nyuma ya ombi hilo, kwa sababu ukiielewa utaweza kuwapima na waajiri wengine watakaokuja baadaye.

Kisingizio cha muhula kukaribia si cha kweli kwa kiasi kikubwa. Kanuni za China zinasema kwamba mwalimu wa lugha ya kigeni kwa msingi afundishe lugha yake ya mama, awe na shahada, na awe na uzoefu wa miaka miwili ya kufundisha lugha. Mwenye shahada ya ualimu au cheti kinachotambulika cha ufundishaji wa lugha husamehewa sharti hilo la uzoefu. Kwa vitendo, lugha ya mama hupimwa kwa pasipoti. Kwa hiyo kituo kinachomwambia mtu wa pasipoti ya nchi isiyohesabiwa kuwa ya Kiingereza aingie kama mtalii mara nyingi kinajua fika kwamba kibali chake hakitatoka, au chenyewe hakina idhini ya kuajiri wageni. Baada ya miezi mitatu hakutakuwa na kitu cha kubadilisha. Kumbuka pia kwamba tangu Julai 2021 serikali yao ilibana sana biashara ya masomo ya ziada kwa watoto wa elimu ya lazima, na baadhi ya vituo vilivyobaki vinaendeshwa kwa kujificha. Waulize swali moja tu kwa maandishi: "Je, mtanitumia taarifa ya kibali cha kazi kabla sijasafiri?" Jibu litakalokuja, au kutokuja kwake, litakutosha.

Kuhusu mlango halali, nchi hazifanani, na ni vizuri kujua mapema zipi zimefungwa ili usipoteze fedha. Korea Kusini hutoa viza ya E-2 ya walimu wa Kiingereza kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Kama hutoki huko, hata uwe na shahada tatu, viza hiyo si yako isipokuwa kuwe na makubaliano maalumu ya kiserikali. Japani ina mpango wa JET, ulioanza mwaka 1987, ambao huajiri walimu wasaidizi kutoka mataifa mengi kwa mkataba wa mwaka mmoja unaoweza kuongezwa hadi mitano, na usaili wake hufanywa kupitia balozi zao. Thailand huajiri walimu wa mataifa mengi, na Wafilipino wamejaa katika shule zake. Anayetoka nchi isiyohesabiwa kuwa ya Kiingereza huombwa matokeo ya mtihani wa Kiingereza kama TOEIC au IELTS, pamoja na idhini ya baraza la walimu la huko, Khurusapha.

Halafu kuna Jiografia yako, ambayo umeitaja kana kwamba si kitu. Sharti la lugha ya mama linamhusu mwalimu wa lugha. Shule za kimataifa hufundisha masomo yote kwa Kiingereza na zinahitaji walimu wa masomo wenye shahada ya ualimu na uzoefu wa angalau miaka miwili, na hapo wewe si mwombaji wa kubahatisha. Mimi mwenyewe niliingia kwa mlango wa somo langu la pili, na baada ya mwaka mmoja shule ikaniomba nisaidie wanafunzi wapya waliokuwa wanayumba katika Kiingereza. Ningekuwa wewe ningeanzia huko.

Mkataba Kwanza alijibu:

Niongeze mawili kuhusu fedha na karatasi. Ada ya wakala hulipwa na mwajiri. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 unakataza mawakala binafsi kumtoza mfanyakazi ada, moja kwa moja au kwa kuzunguka, na nchi kadhaa zimeliweka katazo hilo katika sheria zao. Umoja wa Falme za Kiarabu, kwa mfano, unamkataza mwajiri kumdai mfanyakazi gharama za kuajiriwa na kushikilia pasipoti yake, na unampa kiinua mgongo cha siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza. Angalia hapo neno "msingi": waajiri wengine huandika mshahara wa msingi mdogo na posho kubwa, ili kiinua mgongo kiwe kidogo.

Ukipata mkataba halisi, soma hasa sehemu ya vipindi. "Saa 25 kwa juma" inaweza kuwa saa za kusimama darasani, huku ukitakiwa kukaa shuleni saa 40. Uliza malipo ya ziada yanaanzia saa ya ngapi, likizo inalipwa au hailipwi, na nani anabeba bima ya afya na nauli ya kurudi endapo mkataba utavunjwa na wao.

Mwalimu wa Jioni alijibu:

Ndugu Msafiri, wenzangu wameshughulikia viza vizuri. Mimi nitajibu lile la mwisho ulilouliza, la kujifunza Kiingereza darasani, kwa sababu naona linakunyong'onyeza. Chama cha kimataifa cha walimu wa Kiingereza, TESOL, kilitoa tamko mwaka 2006 kupinga ubaguzi dhidi ya walimu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Tamko halifuti sheria za viza, lakini linaonyesha kwamba taaluma yenyewe haihesabu mahali ulipozaliwa kuwa sifa ya ualimu. Wewe ulipita mahali wanafunzi wako wanapopita. Unajua ni wapi nyakati za vitenzi zinachanganya, kwa kuwa zilikuchanganya nawe, na uliona mwalimu wako akizifungua.

Ujuzi huo uonyeshe katika somo la majaribio, maana hapo ndipo shule makini zinapoamua. Kwa kawaida utapewa dakika 15 hivi, na wasaili watajifanya wanafunzi. Wengi huanguka kwa kuongea wao tu: wanaeleza kanuni, wanaandika ubao mzima, kisha wanauliza "mmeelewa?" na darasa linaitikia ndiyo. Usiulize hivyo. Tuseme unafundisha namna ya kueleza mazoea yaliyokwisha, na sentensi yako ni "He used to smoke", ya mtu aliyekuwa mvutaji sigara zamani. Uliza: Je, anavuta sasa? Alivuta mara moja au mara nyingi? Je, sentensi imetuambia ni lini aliacha, ndiyo au hapana? Majibu hayo mafupi yatakuonyesha aliyeshika na anayeitikia tu, na swali la tatu, ambalo jibu lake ni hapana, ndilo linalowakamata wengi. Baada ya hapo nyamaza, waweke wawili wawili waambiane mazoea yao ya utotoni, nawe upite ukisikiliza na kuandika makosa ya kusahihisha mwishoni bila kutaja jina la mtu.

Kuhusu cheti: cha CELTA, kinachotolewa na Cambridge kwa walimu wa Kiingereza, kina saa 120 pia, lakini ndani yake kuna saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi huku ukitazamwa na kupimwa, jambo ambalo kozi nyingi za mtandaoni hazina. Ni ghali, na kwa mtu mwenye miaka ya darasani kama wewe si lazima uanze nacho. Badala yake omba barua kutoka kwa mkuu wa shule ulikofundisha, itaje madarasa, idadi ya vipindi na miaka.

Msafiri Mtarajiwa alijibu:

Nawashukuru sana, walimu wangu. Niliwaandikia swali la Bi Kalamu neno kwa neno. Walinijibu kwamba "mambo hayo tutaongea ukifika", na wakala akanipigia simu akisema nafasi itachukuliwa na mwingine. Nimewaandikia kwamba siendi, na ada sikulipa. Sasa naandaa maombi ya shule za kimataifa kwa Jiografia. Naomba msaada wa mwisho: nyaraka nizitayarishe vipi, na nianze na ipi?

Bi Kalamu alijibu:

Umefanya vyema, kaka. Anza na jina lako. Hakikisha limeandikwa sawasawa katika shahada, cheti cha kuzaliwa na pasipoti. Likitofautiana hata kwa herufi moja, tafuta hati ya kiapo kwa wakili kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu ofisi za vibali hurudisha faili zima kwa kosa hilo. Kisha halalisha shahada. Nchi yako na nchi unayokwenda zikiwa zote wanachama wa Mkataba wa Hague wa mwaka 1961 wa kutambuliana hati, muhuri wa apostili, yaani uthibitisho mmoja unaotolewa na mamlaka ya kwenu, hutosha. China nayo iko ndani, na kwao mkataba huo ulianza kutumika tarehe 7 Novemba 2023. Mojawapo isipokuwa mwanachama, shahada hupitia wizara ya mambo ya nje ya kwenu na baadaye ubalozi wa huko uendako. Cheti cha polisi cha mwenendo mwema kiombe mwishoni, ukishapata barua ya kazi, kwani muda wake wa kukubalika ni mfupi. Kwa wakala au shule tuma nakala za skani tu. Nyaraka za asili zibaki mikononi mwako, na katika safari zikae kwenye mkoba unaoingia nao ndani ya ndege.