Mrejesho: Volteji ya elektrodi iliyokuwa ikipanda

Niliuliza kwa nini volteji ya elektrodi ya kuchochea neva (kipande cha metali kinachopitisha umeme hadi kwenye neva) huendelea kupanda ilhali mkondo haubadiliki, na mkanielekeza niongeze kapasita (kijenzi kinachohifadhi chaji ya umeme) kwenye mchoro wangu wa saketi wenye rezista moja tu (kijenzi chenye ukinzani). Nawashukuru kwa dhati. Nimerudia jaribio hapa Tanga katika maji yenye gramu 9 za chumvi kwa lita, na sasa naelewa kwamba mruko wa mwanzo hutokana na ukinzani wa maji, ilhali mpando wa taratibu ni uso wa metali unaogusa maji, ambao hufanya kazi kama kapasita, ukijaa chaji: miliampia 1 kwa maikrosekunde 200 huiongezea kapasita ya maikrofaradi 1 volti 0.2. Mpigo unaofuata, wenye mkondo wa mwelekeo wa kinyume, usipoirudisha chaji hiyo, mabaki yake hujilimbikiza, na mwilini yangeweza kudhuru tishu.