Naomba ushauri: kutafuta maneno kwenye programu ya Biblia

Wakuu, habari zenu. Natengeneza peke yangu programu ya kujifunza Biblia bila intaneti. Mistari imo kwenye SQLite (hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya simu), utafutaji ni FTS5, sehemu yake ya kutafuta maneno. Kinachosumbua ni viambishi: ukiandika "penda", Yohana 3:16 haiji, kwa sababu pale ni "aliupenda", na FTS5 ya kawaida hulinganisha neno zima, au mwanzo wake ukiongeza nyota (*). Trigram, njia nyingine ya FTS5, inashika herufi tatu tatu popote ndani ya neno, lakini faharasa inavimba, na "pend" inazoa "upendo" pamoja na "upendeleo". Orodha ya mizizi ya maneno niliyoiandaa kwa mkono ingetoa matokeo safi, ila inakula jioni nyingi, na jioni ni za mke na watoto, sitaki kuzigusa. Mliopita huku, nianze na ipi? Na ruhusa ya tafsiri yenye hakimiliki, mliiomba kabla ya kujenga au baadaye?