Je, Edwin Díaz anatosha kuitibu bulpeni ya Dodgers?

Alfajiri wa Donholm anauliza:

Ndugu na dada wapenzi wa besiboli, nawasalimu. Mimi ni shabiki wa Los Angeles Dodgers, na wengi wenu mnajua maana ya kuipenda timu hiyo ukiwa Nairobi. Mechi zao za nyumbani za jioni huanza hapa kwetu saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, kwa hiyo awamu tatu za mwisho kati ya tisa, ambazo ndizo bulpeni, yaani kundi la watupaji wa akiba, hukabidhiwa uongozi ili iulinde, huwa nazifuata kwenye simu nikiwa ndani ya matatu ya Jogoo Road. Mwaka 2025 safari hizo zilinitesa, kwa maana mara nyingi nilipanda gari tukiongoza na nikashuka mjini tukiwa tumeshindwa.

Kuna mechi moja ambayo mpaka leo inaniuma. Usiku wa kuamkia Jumapili ya tarehe 7 Septemba nilikesha tangu saa nane kuwatazama wakicheza Baltimore, na Yoshinobu Yamamoto alikuwa amebakiza mpigaji mmoja tu ili amalize mechi nzima bila kuruhusu pigo hata moja. Jackson Holliday akaupiga mpira ukavuka uzio, Yamamoto akapumzishwa tukiwa mbele 3-1, kisha Blake Treinen na Tanner Scott, watupaji wawili wenye uzoefu wa miaka mingi, wakashindwa kumtoa mtu huyo mmoja aliyesalia. Tulifungwa 4-3.

Scott huyo alisajiliwa Januari 2025 kwa dola milioni 72 za miaka minne, baada ya msimu wa 2024 ambao wastani wake wa mikimbio (pointi) anayoruhusu kwa kila awamu tisa ulikuwa 1.75. Msimu wake wa kwanza kwetu wastani huo ulipanda hadi 4.74, na ushindi uliokuwa mikononi mwake ukamponyoka mara kumi. Sasa, mwezi huu wa Desemba 2025, timu imemchukua Edwin Díaz kutoka New York Mets kwa dola milioni 69 za miaka mitatu, naye pia anakuja akiwa na wastani wa kupendeza, 1.63. Mnaona kwa nini sipati usingizi? Ni mmaliziaji, yaani mtupaji wa kufunga awamu ya tisa, aliyetoka kwenye msimu bora, anapewa mkataba mnono, nasi tunaahidiwa kwamba tatizo limekwisha, kama tulivyoahidiwa alipokuja Scott. Ninaomba kuelezwa na wanaoujua mchezo huu kunishinda: safari hii kuna tofauti gani, na je, fedha hizo hazingefaa zaidi kuwapata watupaji watatu au wanne wa kati?

Mwalimu wa Kasarani anajibu:

Ndugu Alfajiri, hofu yako ina msingi, lakini nadhani unautazama wastani huo kana kwamba una uzito uleule kwa mtupaji wa akiba na kwa mtupaji anayeanza mechi. Hapo ndipo wengi wetu hupotea.

Mtupaji anayeanza mechi, akiwa mzima, hufikisha awamu 170 au zaidi kwa msimu, ilhali mmaliziaji hutupa awamu kama 60 hivi. Chukua jioni tatu mbaya ambazo kwa jumla zinazaa mikimbio kumi: kwa mtu mwenye awamu 180, mikimbio hiyo inaongeza nusu tu kwenye wastani wake, lakini kwa mwenye awamu 60 inaongeza moja na nusu, na mara anaonekana amekwisha. Scott aliruhusu mikimbio 30 katika awamu 57. Ungeiondoa minane tu, wastani wake ungeshuka hadi 3.47, nasi tusingekuwa na mjadala huu leo. Simtetei kwa kila jambo, kwa sababu homurani (mapigo yanayovuka uzio) alizopigwa zilipanda kutoka 3 mwaka 2024 hadi 11 mwaka 2025, na hilo si bahati mbaya peke yake. Mipira yake ilikuwa ikipita katikati ya eneo la mpigaji mno. Ninachosema ni kwamba msimu mmoja wa mtupaji wa akiba ni ushahidi mwembamba, uwe umemsifu au umemlaani.

Hata Díaz mwenyewe anathibitisha hilo. Mwaka 2018 akiwa Seattle Mariners alilinda ushindi mara 57, Mets wakamchukua mwishoni mwa mwaka huo, na 2019 wastani wake ukawa 5.59 huku mashabiki wa New York wakimzomea. Watu wale wale, mwaka 2022, walikuwa wakisimama vitini kila alipotoka bulpeni, kwa sababu alikuwa amewatoa wapigaji 118 kwa straiki, yaani bila wao kuupeleka mpira uwanjani, katika awamu 62. Mkono ulikuwa uleule, na slaida, mpira wake unaopinda, ileile.

Kwa hiyo, badala ya wastani, mimi hutazama straiki, kwa maana mpira ambao haukuguswa hauhitaji bahati wala mdakaji hodari nyuma yake. Mwaka 2025 Díaz aliwatoa 98 kwa njia hiyo katika awamu 66 na theluthi. Kwa kigezo hicho huu si usajili wa kubahatisha, na miaka mitatu ni nafuu kuliko minne kwa mtu anayetimiza umri wa miaka 32 mwezi Machi 2026.

Jambo moja linanisumbua, nalo ni gharama halisi. Dodgers wamekwisha kuvuka kikomo cha juu kabisa cha mishahara, na kwa kuwa wamerudia kosa hilo miaka kadhaa mfululizo, kila dola wanayoongeza inatozwa kodi ya ligi ya dola 1.10. Mmaliziaji wa takriban dola milioni 23 kwa mwaka anawagharimu zaidi ya milioni 45. Pia wamepoteza nafasi za kuchagua vijana kwa sababu Díaz alikuwa amekataa ofa rasmi ya Mets ya mwaka mmoja. Timu tajiri inaweza kuvumilia hayo, lakini vijana ambao haukuwachagua leo ndio watupaji wa akiba ambao hutakuwa nao baada ya miaka minne.

Mama Zawadi, South B, anajibu:

Nashukuru kwa maelezo ya Mwalimu, nami nakubaliana naye kuhusu Díaz. Hata hivyo, naona nyote wawili mnaizungumzia awamu ya tisa peke yake, na mimi sikuumizwa zaidi na awamu ya tisa.

Kumbukeni mechi ya kwanza ya World Series, fainali ya ligi, kule Toronto. Blake Snell, aliyetuanzia mechi, alitolewa katika awamu ya sita akiacha vituo vyote vitatu vimejaa na matokeo yakiwa 2-2. Akaingia Emmet Sheehan, akaingia Anthony Banda, na kabla sijamaliza kikombe changu cha chai Blue Jays walikuwa wamepata mikimbio tisa katika awamu hiyo moja. Addison Barger, aliyeingizwa kupiga badala ya mwenzake, akawa mtu wa kwanza katika historia ya World Series kupata homurani ya mikimbio minne kwa namna hiyo. Tukafungwa 11-4. Mniambie, Díaz angefanya nini siku ile? Angekuwa ameketi akisubiri awamu ya tisa ambayo haikuwa na kitu tena cha kulinda.

Na hata ubingwa wenyewe tuliupata kwa kuikwepa bulpeni. Katika mechi ya sita Tyler Glasnow, ambaye kazi yake ni kuanza mechi, aliitwa katika awamu ya tisa na akamaliza kazi kwa mipira mitatu. Katika mechi ya saba Glasnow, Sheehan na Snell waliingia wakitokea bulpeni, na mwisho Yamamoto, aliyekuwa ameanza mechi ya sita siku moja tu kabla, akatupa awamu mbili na theluthi mbili hadi tukashinda 5-4 katika awamu ya kumi na moja. Nililia siku hiyo, sioni haya kusema. Lakini hakuna kocha anayeweza kuwatumia watu hivyo katika msimu wa mechi 162, maana mikono yao ingevunjika kabla ya Julai.

Mechi ya tatu nayo ilianza hapa saa tisa usiku na ikaisha ikikaribia saa nne asubuhi, baada ya awamu 18, kwa homurani ya Freddie Freeman. Waliomfikisha huko hawakuwa watu wa mamilioni. Will Klein, ambaye timu ilimtoa Seattle katikati ya msimu bila kelele yoyote, alitupa awamu nne za mwisho bila kuruhusu mkimbio. Ningepewa mimi madaraka, ningetafuta watu wa aina yake watatu au wanne wa awamu ya sita, ya saba na ya nane, hasa kwa kuwa Evan Phillips, mtupaji wetu wa akiba, alifanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka 2025.

Mkereketwa wa Brewers, Ngara, anajibu:

Mimi ni mgeni katika mazungumzo haya ya Dodgers, lakini timu yangu ya Milwaukee imeishi kwa sera ya Mama Zawadi kwa miaka mingi na ningependa mjue faida na maumivu yake. Desemba 2024 tulimpeleka Devin Williams kwa Yankees, akiwa miongoni mwa wamaliziaji bora kabisa, na 2025 tukashinda mechi 97, nyingi kuliko timu yoyote, Trevor Megill akiwa ndiye anayefunga mechi. Williams kwa upande wake alipoteza nafasi ya mmaliziaji kabla ya Aprili kwisha. Lakini Agosti 2022 tulimuuza mmaliziaji wetu Josh Hader tukiwa tunaongoza kundi letu, na mwisho wa msimu tukakosa mtoano kwa mechi moja. Wachezaji wenyewe walisema uuzaji ule uliwavunja moyo. Kwa hiyo tofautisheni kuuza katika kipindi cha mapumziko na kuuza vita vikiendelea.

Alfajiri wa Donholm:

Nawashukuru sana. Hoja ya Mwalimu kuhusu mikimbio 30 imenifanya nimtazame Scott kwa jicho jingine, na sasa naona kwamba huenda faida kubwa ya Díaz ni kumwondolea Scott awamu ya tisa, ili yeye, anayetupa kwa mkono wa kushoto, aletwe pale wapigaji wa mkono huo wanapofuatana, iwe ni awamu ya saba au ya nane. Hapo nadhani nimepata pia sehemu ya jibu kwa Mama Zawadi, ingawa bado tunahitaji watu. Mtupaji Roki Sasaki hawezi kuhesabiwa katika bulpeni, kwa sababu uongozi umesema atarudi kuanza mechi, na kwa kijana mwenye mkono kama ule nakubaliana nao.

Limebaki moja, ambalo nakiri ni la moyo zaidi kuliko la hesabu. Machi 2023 Díaz aliumia goti akisherehekea ushindi wa Puerto Rico katika World Baseball Classic, akakosa msimu mzima. Mashindano hayo yanarudi Machi 2026, na kundi la Puerto Rico litacheza San Juan, mbele ya watu wake. Sitamlaumu akienda kuitumikia nchi yake. Nitakesha kumtazama, na akishamtoa mpigaji wa mwisho nitaendelea kuitazama miguu yake mpaka aingie chumba cha kubadilishia nguo.